Katavi imeongezeka watu maradufu: je, kipato cha kaya nacho kimeongezeka?

Ukipanda bodaboda kutoka katikati ya Mpanda kuelekea Misunkumilo, Nsemulwa, Ilembo au Kakese, utaona jambo lilelile kila upande. Palipokuwa na shamba la mahindi miaka michache iliyopita, leo pana tofali zilizopangwa, msingi wa nyumba na duka la bati lenye soda na vocha. Mashamba yanakatwa viwanja. Wapangaji wanaongezeka. Watoto wanaokwenda shule asubuhi ni wengi kuliko madawati.

Wasikilizaji wengi wanajiuliza: watu wote hawa wametoka wapi? Na je, kuja kwao kumewaongezea wenyeji kipato, au kumewapunguzia ardhi tu? Makala hii inaeleza kwa takwimu za sensa na tafiti za Serikali, kwa historia ya mkoa wetu, na kwa hesabu ambayo kila kaya inaweza kuifanya yenyewe.

Takwimu zinasema nini

Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012, ulipogawanywa kutoka Mkoa wa Rukwa. Makao makuu yake ni Mpanda. Una wilaya tatu: Mpanda, Mlele na Tanganyika, na halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika.

Sensa ya Agosti 2012 ilihesabu Katavi watu 564,604. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Ongezeko ni watu 588,354, yaani zaidi ya maradufu ndani ya miaka kumi. Kasi hiyo ni asilimia 7.1 kwa mwaka, na ndiyo kubwa kuliko ya mkoa mwingine wowote nchini. Kwa Tanzania nzima kasi ilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na nchi ilifikisha watu 61,741,120.

Mji wenyewe umekwenda kwa kasi zaidi. Mpanda mjini mwaka 2012 ilikuwa na watu 102,900. Mwaka 2022 Manispaa ilikuwa imefika takriban watu 245,000. Ukipiga hesabu, ni wastani wa karibu asilimia 9 kwa mwaka.

Maana ya asilimia 7.1 ni rahisi: idadi inajirudia mara mbili kila baada ya miaka kumi. Kwa asilimia 3.2 ya taifa, kujirudia huko huchukua miaka 22 hivi. Kwa hiyo kijiji kilichokuwa na kisima kimoja kikitosha mwaka 2012 kilihitaji visima viwili mwaka 2022 ili tu kibaki palepale kilipokuwa. Shule iliyokuwa na madarasa saba ilihitaji kumi na manne. Ujenzi tunaouona kila mwaka ni wa kweli, lakini sehemu kubwa yake inakimbizana na idadi ya watu, haiipiti.

Hata hivyo, Katavi bado ni mkoa mpana. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 45,800. Mwaka 2012 kila kilomita ya mraba ilikuwa na watu kama 12; mwaka 2022 walikuwa 25. Taifa lina wastani wa watu karibu 70. Lakini usidanganywe na wastani huo. Sehemu kubwa ya mkoa ni hifadhi, mapori na misitu ambayo haiguswi kwa jembe. Hifadhi ya Taifa ya Katavi peke yake, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, ina kilomita za mraba 4,471. Watu wanaongezeka kwenye maeneo yaleyale: mjini, kando ya barabara kuu, kwenye mabonde ya mpunga na kwenye machimbo.

Ni kuzaliana au ni kuhamia?

Jibu ni vyote viwili, lakini kuhamia kuna uzito mkubwa. Fanya hesabu hii. Kama Katavi ingekua kwa kasi ya taifa ya asilimia 3.2, watu 564,604 wa mwaka 2012 wangekuwa kama 775,000 mwaka 2022. Sensa ilikuta watu zaidi ya 1,150,000. Tofauti ni watu wapatao 375,000. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na familia zetu kuwa na watoto wengi kuliko wastani wa nchi, lakini uzazi peke yake haufikishi mkoa kwenye asilimia 7. Watu wamehamia.

Upande wa uzazi, Katavi ina jambo lake la kutazamwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Ilikuwa ya juu kuliko mikoa yote. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta Katavi imeshuka hadi asilimia 34, na taifa asilimia 22. Tumeshuka, lakini bado msichana mmoja kati ya watatu anaanza kulea kabla hajafikisha miaka 20. Hilo linahusu kipato moja kwa moja, kwa sababu binti anayeacha shule akiwa na mtoto huingia kwenye kazi za malipo madogo: kibarua cha kupalilia, kuuza maandazi, kazi za ndani.

Waliokuja, na sababu zao

Katavi haikuanza kupokea watu juzi. Kila kizazi kina wageni wake, na wageni wa jana ndio wenyeji wa leo.

Wenyeji wa zamani wa eneo hili ni Wabende, Watongwe, Wakonongo na Wapimbwe. Walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, wakilima, wakiwinda, wakirina asali na kuvua. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwakusanya kwenye vijiji vya kudumu.

Kabla ya hapo, madini yalishaleta watu. Mpanda kama mji ilikuzwa na mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita zipatazo 210, ilifunguliwa mwaka 1950, na mgodi huo ulikuwa sababu kubwa ya kuijenga. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki. Kwa miongo mingi treni ndiyo iliyokuwa njia ya uhakika ya kufika Tabora wakati wa masika.

Kisha walikuja wakimbizi kutoka Burundi, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Serikali iliwapa makazi ya Katumba, ambayo leo yako Halmashauri ya Nsimbo, na baadaye Mishamo, iliyofunguliwa mwaka 1978 na ambayo leo iko Wilaya ya Tanganyika. Walipewa ardhi na zana, wakafyeka pori, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yamekabidhiwa kwa Serikali kwa sababu walikuwa wakijitegemea kwa chakula. Tumbaku, mahindi na maharage ya Katumba na Mishamo yalilisha masoko ya Mpanda na kwingineko. Mwaka 2007 Serikali iliwapa chaguo: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi sana waliomba uraia. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya zamani, pamoja na Ulyankulu mkoani Tabora, walikubaliwa, na vyeti vilianza kugawiwa kwa wingi mwaka 2014. Awali ilipangwa wahamishwe kwenda mikoa mingine. Baadaye wakaruhusiwa kubaki walipo. Hili lilibadilisha mambo. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa hapa hajengi nyumba ya tofali za kuchoma wala hapandi miti. Aliyepata uraia anajenga, anafungua duka, anampeleka mtoto chuo.

Kundi jingine kubwa ni wafugaji na wakulima kutoka Shinyanga, Mwanza, Simiyu, Tabora na Geita, wengi wao Wasukuma. Wamekuwa wakija tangu miaka ya 1970 na 1980, kaya kwa kaya na ng'ombe wao, wakifuata malisho na ardhi yenye mvua. Wamejaa Mpimbwe, Wilaya ya Tanganyika, bonde la Ziwa Rukwa na kando ya Manispaa. Kule walikotoka ardhi ilikuwa imechoka na kugawanywa vipande vipande. Huku eka ilipatikana kwa bei ya mbuzi kadhaa.

Kuna pia wavuvi na wafanyabiashara wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kule Karema na Ikola, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na watumishi wa Serikali waliokuja baada ya mkoa kuanzishwa. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iliyopo Mpimbwe, nayo imeleta wanafunzi na wahadhiri. Mkoa mpya maana yake ni ofisi mpya, na kila ofisi huleta watu wanaolipwa mshahara kila mwezi, wanaopanga nyumba na kununua mchele dukani. Hawa si wengi ukiwahesabu, lakini fedha yao ni ya uhakika, na ndiyo inayoendesha vyumba vya kupanga, saluni, migahawa na bodaboda za mjini.

Mwisho, barabara. Kwa miaka mingi kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga au Tabora kulimaanisha vumbi kiangazi na kukwama masika. Lami iliyowekwa kuelekea Sumbawanga na ile ya Tabora kupitia Koga zimepunguza hali hiyo. Barabara ikifunguka huingiza mnunuzi wa mpunga, na pia huingiza mnunuzi wa ardhi.

Kipato cha kaya ni nini hasa?

Watu wengi wakisikia "kipato" hufikiria mshahara. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) haipimi hivyo. Kwanza, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, hata kama si ndugu. Pili, kwa kuwa wakulima wengi hawana mshahara, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya hupima zaidi kile kinachotumiwa: chakula kilichonunuliwa na kilichotoka shambani, nguo, mafuta ya taa, sabuni, matibabu, shule. Debe la mahindi uliyovuna na kula mwenyewe nalo linahesabiwa kwa thamani yake sokoni.

Katika utafiti wa mwaka 2017/18, mtu mzima mmoja alihitaji angalau shilingi 33,748 kwa mwezi kwa chakula peke yake, na shilingi 49,320 kwa mahitaji yote ya msingi. Aliye chini ya kiasi hicho cha pili alihesabiwa kuwa maskini wa mahitaji ya msingi. Kwa taifa walikuwa asilimia 26.4: vijijini asilimia 31.3 na mijini asilimia 15.8.

Chukua kaya ya baba, mama na watoto kadhaa. Mtoto huhesabiwa kuwa na mahitaji kidogo kuliko mtu mzima. Tuseme mahitaji yao kwa pamoja ni sawa na ya watu wazima wanne. Wanne mara 49,320 ni shilingi 197,280 kwa mwezi, au kama shilingi 2,370,000 kwa mwaka, kwa bei za wakati ule. Bei za leo ziko juu zaidi. Sasa kila msikilizaji anaweza kujipima: thamani ya chakula tulichokula kutoka shambani, jumlisha fedha tulizotumia mwaka mzima, je, inafika hapo?

Jambo moja la kujifunza kutoka kwa jirani zetu. Katika utafiti huohuo, Mkoa wa Rukwa, unaojulikana kwa mahindi mengi, ndio uliokuwa na umaskini mkubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara: asilimia 45. Kuvuna sana si sawa na kuwa na kipato. Mkulima anayeuza gunia wakati wa mavuno bei ikiwa chini, kisha akanunua chakula Januari bei ikiwa juu, anaweza kujaza soko la taifa na bado akalala na njaa.

Nani amepata, nani amebaki nyuma

Ongezeko la watu halimgusi kila mtu sawasawa. Mpanda na viunga vyake vinaonyesha makundi kadhaa.

Waliopata ni wenye kitu cha kuuza au kukodisha. Mwenye nyumba ya vyumba sita Makanyagio au Kashaulili anapata wapangaji bila kutangaza. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga hakosi kazi msimu wa mavuno. Mwenye shamba Kakese au Mwamkulu anaona bei ya eka ikipanda kila mwaka. Fundi ujenzi, fyatua tofali, muuza mchanga na mama lishe wa karibu na maeneo ya ujenzi nao wamepata.

Waliobaki katikati ni wapangaji. Kipato chao kinaweza kuwa kimeongezeka, lakini kodi, maji na nauli vimeongezeka pia. Kijana wa bodaboda analeta nyumbani noti kila siku, lakini wenzake nao ni wengi kuliko miaka mitano iliyopita, na abiria hugawanywa.

Walio kwenye hatari zaidi ni kaya za pembezoni mwa mji ambazo shamba lao ndilo lililokuwa ghala lao. Wajane ambao jina lao halimo kwenye karatasi yoyote. Vijana ambao baba ameuza eka zote kabla hawajaoa. Wafugaji wadogo ambao njia ya kupeleka ng'ombe kwenye maji imezibwa na viwanja.

Tofauti ya mtaji ina uzito kuliko tofauti ya kabila. Watafiti waliofuatilia vijiji vya Mpimbwe miaka ya 2000 walikuta kaya za Wasukuma zilizohamia zikiwa na uhakika wa chakula zaidi kuliko kaya za Wapimbwe. Sababu si damu. Waliohamia walikuja na ng'ombe. Ng'ombe anavuta plau, na mwenye plau analima eka nyingi mvua za kwanza zinaponyesha. Mwenye jembe la mkono bado yuko kwenye eka ya pili. Ng'ombe huyohuyo anauzwa mtoto akiugua au mvua ikikatika, kwa hiyo chakula hakiguswi. Somo lililo wazi kwa kaya yoyote ni kuwa na zana ya kulimia na akiba inayouzika kabla ya kuuza chakula au ardhi.

Uzito ulio juu ya maji na ardhi

Mpunga ni zao lililoinua kaya nyingi za Mpanda, Nsimbo na Mpimbwe. Lakini mpunga unakunywa maji. Mto Katuma unapita katika mabonde ya kilimo kabla ya kuingia Hifadhi ya Katavi. Maji yakizuiwa kwa matuta na mifereji juu, viboko wa hifadhini wanabanana kwenye dimbwi moja wakati wa kiangazi, na wakulima wa chini nao wanalalamika. Ndiyo maana kila mwaka mkoa unasikia maagizo ya kubomoa matuta yasiyo na kibali. Mkulima anayeanza kulima bondeni leo anatakiwa aulize kwanza ofisi ya Bonde la Maji kama eneo hilo linaruhusiwa, maana hasara ya kufyeka kisha kuondolewa ni yake.

Mjini nako, Mamlaka ya Maji ya Mpanda inategemea vyanzo vilevile, likiwemo bwawa la Milala, huku mitaa ikizidi kupanuka. Umeme nao kwa miaka mingi ulitoka kwenye jenereta za dizeli, kisha ukaanzishwa mradi wa kuvuta laini kubwa ya gridi ya Taifa kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Umeme wa uhakika ni suala la kipato: mashine ya kukoboa, welding na jokofu la samaki hutegemea hapo.

Si kila mahali ardhi huleta fedha kwa kulimwa au kuuzwa. Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vya eneo la msitu wa Ntakata, vikiwemo Katuma, Mpembe, Lugonesi, Lwega na Mwese, vimekuwa vikiuza hewa ya ukaa kupitia mradi wa kampuni ya Carbon Tanzania. Kwa kuulinda msitu wao, vijiji hivyo vimelipwa mabilioni ya shilingi, na fedha imejenga zahanati na madarasa na kulipia bima ya afya. Hicho ni kipato cha kijiji zaidi kuliko cha kaya moja moja, lakini kaya isiyolipia matibabu inabaki na fedha mfukoni.

Kuuza shamba au kutouza: hesabu ya kufanya nyumbani

Hili ndilo swali linalogonga mlango wa kila mwenye shamba kando ya Mpanda. Hakuna jibu moja kwa wote. Tutumie mfano. Bei zilizomo ni za kufundishia hesabu tu. Weka za kwako.

Tuseme una eka 3 za mpunga. Kila eka inatoa gunia 12, jumla 36. Gunia moja ni shilingi 80,000, kwa hiyo mavuno yote yana thamani ya shilingi 2,880,000. Gharama za kulima, kupalilia, kuvuna na kusafirisha ni shilingi 350,000 kwa eka, jumla 1,050,000. Kilichobaki ni 1,830,000, pamoja na chakula mlichokula. Yaani kila eka inakupa shilingi 610,000 kwa mwaka.

Anakuja mtu anataka eka moja kwa shilingi 8,000,000. Hiyo ni sawa na mavuno ya eka hiyo ya miaka 13. Kwa kutazama hapo tu, kuuza kunaonekana kuzuri. Na kweli kunaweza kuwa kuzuri. Swali ni moja: fedha hiyo inageuka kuwa nini?

Ikigeuka vyumba vinne vya kupanga kwenye kipande kilichobaki, kila kimoja shilingi 25,000 kwa mwezi, utapata shilingi 1,200,000 kwa mwaka vikijaa. Umeiacha eka iliyokupa 610,000 ukapata karibu mara mbili, na vyumba havitegemei mvua. Toa matengenezo na miezi ya kukosa mpangaji, bado umefaidika.

Ikigeuka pikipiki mbili, zitaleta fedha haraka, lakini baada ya miaka michache zimechakaa. Kama hukuweka kando fedha ya kununua nyingine, eka imekwenda na pikipiki zimekwenda.

Ikigeuka harusi, simu, suti na deni la dukani, mwakani utakuwa na eka 2, midomo ileile ya kulisha, na gunia 12 pungufu.

Kabla hujatia kidole gumba kwenye karatasi yoyote, kaa chini na familia mjibu maswali haya:

1. Eka zinazobaki zinatosha chakula chetu cha mwaka? Kama hazitoshi, tutanunua kwa fedha ya kutoka wapi?
2. Mwenzi wangu amekubali? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwenzi aliyeiendeleza ardhi kwa jasho lake. Mauzo yaliyofanywa kwa siri huishia baraza la ardhi.
3. Ardhi hii ni ya kijiji au iko ndani ya mipaka ya mji? Kijijini, Halmashauri ya Kijiji lazima ihusike, na unaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Mjini, mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia, lakini hana mamlaka ya kumilikisha ardhi; uliza idara ya ardhi ya Manispaa kuhusu upimaji na urasimishaji.
4. Eneo limepimwa? Kiwanja kilichopimwa huuzwa kwa bei kubwa kuliko shamba lisilopimwa. Mara nyingi anayenunua eka kwako ndiye anayepima na kuuza viwanja vinne au vitano kwa faida ambayo ingekuwa yako.
5. Fedha itapita benki au kwenye simu, yenye kumbukumbu, na mbele ya mashahidi wa pande zote mbili?

Njia za kuongeza kipato bila kuuza ardhi

Kusubiri bei ni njia ya kwanza. Maghala ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), na vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) vilivyojengwa Mpanda, vinampa mkulima soko jingine mbali na dalali wa kwanza anayefika mlangoni. Wakulima wa tumbaku wanaufahamu ushirika kwa muda mrefu kupitia vyama vilivyo chini ya LATCU. Wa ufuta nao wamezoea mnada. Kaya inayoweza kushikilia hata gunia tano kwa miezi mitatu tayari imeongeza kipato bila kuongeza eka.

Ya pili ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata ndipo pa kuanzia. Vikundi viwe na usajili na shughuli inayoonekana.

Ya tatu ni soko la watu wenyewe. Wakazi 245,000 wa mjini wanakula mboga, mayai, maziwa na kuku kila siku. Eka moja ya pembezoni yenye kisima inaweza kuingiza fedha kila wiki kuliko eka tatu za mahindi zinazolipa mara moja kwa mwaka.

Kwa nini idadi ya watu inatuhusu sote

Serikali hupanga madawa, walimu, fedha za shule na mipaka ya utawala kwa kutazama idadi ya watu. Kwa kasi ya Katavi, takwimu za sensa huzeeka haraka: darasa lililopangwa kwa watoto wa 2022 linapokea watoto wa leo. Kwa hiyo mkutano wa kijiji au wa mtaa, ambako mwenyekiti husoma mapato na matumizi, ndio mahali pa kusema kaya ngapi zimeongezeka na kisima kinahudumia watu wangapi. Daftari la wakazi la kitongoji au mtaa likiandikwa vizuri ni silaha ya kudai huduma. Lisipoandikwa, mgeni aliyehamia mwaka huu hatahesabiwa mpaka sensa ijayo, ambayo kwa utaratibu wa kila miaka kumi itakuwa mwaka 2032.

Wakati huohuo, kila kaya inaweza kufanya sensa yake ndogo leo jioni: tuko wangapi, tunakula kiasi gani, ardhi iliyobaki ni eka ngapi, na kila shilingi iliyoingia mwaka huu ilitoka wapi. Mwenye majibu hayo ndiye anayeweza kukaa meza moja na mnunuzi wa ardhi na kumwambia ndiyo au hapana akijua anachosema.